Buti Lenye Ziada

Shangazi yangu hukunja mabuti kama mtu anayekamua shuka. Ndiyo kazi yake. Mteja akiingia dukani na kunyoosha kidole kwenye jozi inayong'aa kuliko zote, yeye hushusha buti moja, hushika kisigino kwa mkono wa kushoto na ncha kwa mkono wa kulia, kisha hulisokota kwa nguvu zake zote. Likisokoteka, hulirudisha kwenye rafu kimya kimya, au akiwa ameamka vizuri humwambia mteja kwamba hilo ni la kwendea harusini. Likikataa, hapo ndipo anapovuta kigoda na kusema, "Haya, vua viatu, tuongee."

Nilikuwa napita pale kila siku nikitoka shule, kwa sababu duka liko njiani, na kwa sababu nina maswali mengi kuliko akili, kama mama anavyosema. Wanauza vifaa vya waendesha pikipiki za mbio: kofia ngumu, suti za ngozi, glovu, mabuti. Pikipiki zenyewe hazinikoseshi usingizi. Nilichotaka ni kujua. Kwa nini buti la mbio halina kamba? Kwa sababu kamba ikifunguka hunasa kwenye pedali ya gia, na ukiwa katikati ya kona huna mkono wa kuinasua. Kwa nini lina kipande cha plastiki ubavuni, karibu na kidole kidogo cha mguu? Kwa sababu pikipiki ikilala, kidole hicho ndicho cha kwanza kusalimiana na lami. Na hivi vyuma viwili vya kifundoni, vyenye bawaba kama za mlango? Mguu uende mbele na urudi nyuma unavyotaka, lakini ukijaribu kwenda pembeni ukute pamefungwa.

Shangazi alinijibu yote hayo akiwa amepiga goti mbele ya mguu wa mtu. Goti moja, la kulia. Mguu wa kushoto huuacha umenyooka pembeni kama ufagio ulioegeshwa, kwa sababu kifundo chake hakikunjiki. Kina skrubu sita. Akisimama hushika ukingo wa kaunta, na mahali anaposhika rangi imetoka.

Nyumbani kwetu kila mtu alijua sababu ya ule mguu. Shangazi alipokuwa na miaka kumi na tisa alikuwa anashiriki mbio, akaanguka kwa kiherehere chake. Alitaka kumpita mtu mahali pasipopitika. Ndivyo baba alivyosimulia, na kwetu baba ndiye anayesimulia, sisi wengine tunaitikia. Jina likamganda. Sisi watoto tulikua tukimwita Shangazi Kiherehere kama wenzetu wanavyosema shangazi mkubwa, bila hata kusikia tunachokisema. Naye alikuwa anaitika.

Baba ni kaka yake, amemzidi miaka kumi na sita. Wazazi wao walipofariki ndiye aliyemlea, akamlipia shule, akakaa naye hospitali wiki tatu akilala kwenye kiti. Hayo si uongo, na ndiyo yaliyofanya mambo kuwa magumu. Mtu aliyekulalia kwenye kiti wiki tatu unamwambiaje?

Halafu baba ni seremala. Karakana yake iko nyuma ya nyumba, penseli iko sikioni hata akiwa mezani anakula. Kitu kimoja anachojivunia ni kwamba hajawahi kukata mbao ikapungua. Kila kipimo anaacha ziada ya vidole viwili. Mbao ikiwa ndefu unaipunguza, anasema, ikiwa fupi umeshaharibu kazi ya watu. Basi na maisha yote anayapima hivyo. Sare zetu za shule zilitufikia vifundoni. Viatu vyetu vilikuwa na karatasi ndani mpaka muhula wa tatu, na vikitutosha tu vinakuwa vimeshatoboka.

Siku niliyouliza kuhusu mguu, duka lilikuwa tupu na shangazi alikuwa anapanga soksi. Nilimuuliza huyo mtu aliyekuwa anampita alikuwa nani. Akaweka soksi kando.

"Nilikuwa wa mwisho," alisema. "Wa saba kati ya saba. Ningempita nani?"

Akainama, akavuta sanduku kutoka chini ya kaunta. Ndani mlikuwa na buti moja la kushoto, jeusi, ncha imesagika mpaka ngozi imekuwa kama manyoya. Baba ndiye aliyemletea, kutoka kwa jamaa mmoja wa kazini aliyekuwa ameacha kuendesha. Mabuti yalikuwa mazuri, karibu mapya, namba arobaini na moja. Shangazi anavaa thelathini na tisa. Alimwambia kaka yake kwamba ni makubwa. Kaka yake akabonyeza ncha kwa kidole gumba, akaridhika. Mguu wa binadamu, alisema, unakua mpaka miaka ishirini na moja. Nani alimwambia hivyo, hakuna ajuaye. Akakunja gazeti, akalishindilia mbele kwa mikono yake mwenyewe, akasema tayari.

Mzunguko wa tano, kona ya kushoto. Mtu mwenye buti la saizi yake, ncha ikigusa lami anaisikia kidoleni na kuuvuta mguu juu kabla hata hajafikiri. Lakini mbele ya vidole vya shangazi kulikuwa na gazeti. Lami iligusa gazeti, na gazeti halina mishipa. Buti likashikwa, likageuka nyuma likiwa na nafasi yote ya kugeukia, na mguu ulipopata habari, mfupa ulikuwa umeshakatika.

Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kusema. Akajibu kwamba alisema, mara moja, akiwa kitandani. Baba alimjibu apumzike, asijichoshe na maneno. Alipotoka hospitali alikuta hadithi ya kiherehere imeshaenea kwa ndugu wote, imeshazoeleka, hata watu wanaichekea. Nikamuuliza anataka nini sasa, miaka kumi na moja imepita. Nilidhani atasema aombwe radhi mbele ya ukoo mzima, kitu kama hicho.

"Aseme tu kwamba lilikuwa kubwa," alisema. "Maneno mawili. Sitamuuliza la tatu."

Alikuwa bado na lile gazeti, limekauka likiwa na umbo la ncha ya buti. Pembeni mwake palikuwa na tarakimu za penseli, mwandiko wa baba, zile saba zake zilizokatwa katikati. Shangazi alilitunza ili siku moja amwonyeshe.

Siku yenyewe ikajileta. Dada yangu, aliyenizidi miaka mitatu, alipata nafasi kwenye mafunzo ya uwanja wa mbio, na sharti lilikuwa kila mwanafunzi aje na mabuti yake. Baba alikataa mwezi mzima. Alipokubali, alikubali kwa mtindo wake: atakwenda mwenyewe kuchagua.

Walikuja dukani alasiri, kwa sababu shangazi alisisitiza iwe alasiri. Mguu wa asubuhi unadanganya, anasema. Jioni umevimba kidogo na huo ndio utakaoendesha. Alimvalisha dada soksi ndefu za mbio, akaleta thelathini na tisa. Akavuta zipu, akamwambia asimame. Vidole viguse mbele kidogo. Akamwambia akunje magoti kama aliyekaa kwenye pikipiki. Vidole virudi nyuma, kisigino kisinyanyuke. Dada alisema yanambana. Shangazi akamuuliza, yanakubana au yanakushika? Dada akafikiri, akasema yanamshika.

Baba alibonyeza ncha kwa kidole gumba. Nilikiona kile kidole, na nilimwona shangazi akikitazama.

Alitaka arobaini na moja. Shangazi hakubisha, akaleta. Dukani kuna pikipiki kuukuu iliyofungwa kwenye stendi, isiyo na injini, ya kujaribia. Alimpandisha dada akamwambia apandishe gia. Ncha ikagonga chini ya pedali, ikakwama. Akajaribu tena, ikakwama. Baba alisema atazoea, hata yeye patasi mpya huwa inamkataa siku za mwanzo. Dada akacheka. Shangazi hakucheka. Alizunguka kaunta, akarudi na lile sanduku, akaliweka mbele ya baba na kutoa gazeti kutoka kwenye buti.

"Kaka, tazama hii."

Nilikuwa nimesimama karibu na kioo kile cha chini, cha kutazamia miguu, nikishikilia glovu nisizozihitaji. Baba alilichukua gazeti, akalisogeza kwenye mwanga, akavaa miwani. Akazisoma zile tarakimu zake polepole, midomo ikicheza. Uso wake ukabadilika. Nikasema moyoni, haya sasa.

"Hili si lile kabati la mwalimu mkuu?" alisema. Alikuwa anatabasamu. "Lenye milango minne. Lilinitoa jasho lile, we acha tu. Mpaka leo wanalo."

Akaendelea kueleza jinsi milango ilivyokuwa inagongana, na jinsi alivyoipunguza upande mmoja, na jinsi mwalimu mkuu alivyompa mkono. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umenyooka pale katikati yao, sentimita chache kutoka kwenye kiatu cha baba. Baba alipomaliza alimrudishia gazeti, akalipigapiga vumbi kwanza, kama kitu cha thamani.

"Basi mpe hayo madogo," alisema, "maana naona mmeshapanga njama. Yakimbana asije akanililia mimi."

Dada akapata thelathini na tisa.

Siku ya kufunga mafunzo tulikwenda wote uwanjani. Shangazi alikuja pia, ingawa hakuwa amekanyaga pale tangu kuanguka kwake. Alisimama karibu na uzio, mkono mmoja kwenye waya, na kila pikipiki zilipoingia kona ya kushoto alikuwa anaangalia chini, si mbele.

Dada alianguka mzunguko wa tatu. Gurudumu la nyuma liliteleza, pikipiki ikalala juu ya mguu wake, wakaburutana pamoja mpaka kwenye majani. Mama alikaa chini pale pale aliposimama. Halafu tukamwona dada ananyanyuka, anajipangusa, anatembea. Anachechemea kidogo, lakini anatembea kwa miguu yake miwili.

Walimkalisha kwenye benchi. Shangazi alifika akapiga goti lake moja, akafungua zipu kama anavyofungulia wateja, akavuta buti taratibu. Mguu ukatoka mzima, mwekundu tu. Muuguzi wa uwanja alikibinya kifundo, akakizungusha huku na huku, kisha akaokota buti na kuligeuza. Ubavuni plastiki ilikuwa imelika, chuma cha bawaba kimetokeza na kupinda. Alisema wiki iliyopita alimpeleka kijana hospitali kwa kuanguka kama huku, tofauti ilikuwa buti tu.

"Nani alimchagulia hili?" aliuliza.

Watu walikuwa wengi: wazazi wa wenzake dada, wakufunzi, jirani yetu aliyekuja kutazama. Shangazi alikuwa bado chini, ameushika mguu wa dada mikononi. Aliinua uso kumtazama kaka yake. Hakumwangalia kwa ukali. Alimwangalia kama mtu anayekufungulia mlango na kusubiri upite.

"Mimi," alisema baba. "Vitu vya watoto huwa nachagua mwenyewe. Saizi ndiyo kila kitu."

Muuguzi akampa mkono. Jirani akampiga begani, akamwita mzee wa vipimo. Mimi nilikuwa na maneno mdomoni, nayajua yalivyokuwa, na sikuyasema. Hilo nitakaa nalo mwenyewe.

Shangazi aliingiza mkono ndani ya buti mpaka mbele, akapapasa, akautoa mtupu. Akamkabidhi baba.

"Hamna ziada, kaka," alisema.

Baba alilipokea. Alitazama ndani, akatazama pembeni. Kwa muda kama wa pumzi mbili nilidhani amesikia. Kisha akageukia watu, akacheka, akawaonyesha dada kwa lile buti.

"Na huyu naye anguko lake ni kiherehere tu. Karithi kwa shangazi yake."

Watu walicheka. Si kwa ubaya, walikuwa wamefurahi mtoto ni mzima. Shangazi naye alicheka kidogo, kile kicheko chake cha kuitikia jina. Halafu akatafuta kitu cha kushika ili asimame. Kaunta haikuwepo pale, nikampa bega langu.

Jumatatu nilipita dukani. Alikuwa amekaa sakafuni, anasugua kile kioo cha chini kwa gazeti. Niliona tarakimu za penseli zinapita mbele ya macho yangu, saba iliyokatwa katikati, zimelowa. Wino wa gazeti ulikuwa umemtia weusi vidoleni. Niliinama kutazama chini ya kaunta. Sanduku halikuwepo. Gari la taka, alisema, lilipita asubuhi.

Nilimuuliza je, baba akija kuuliza?

"Baba yako hajawahi kuuliza," alisema. Akachana gazeti vipande viwili, akanipa kimoja. "Futa upande ule, una alama za vidole."