Mwambie Mama Yako

Tangu aolewe na Joanasie, Leetia hakuwahi kusemeshana na baba mkwe wake, na hakuna aliyeona ajabu. Mzee Amarualik alikuwa wa kizazi kile cha Igloolik, kaskazini kabisa mwa Kanada, ambacho kwacho mkwe hatazamwi machoni wala hatajwi jina. Wakikaa kula, mzee husema na mjukuu: "Tagalik, mwambie mama yako nyama imeiva vizuri." Mama yuko papo hapo, kijiko mkononi. Naye hujibu kwa njia hiyo hiyo: "Tagalik, mwambie babu asile haraka, kuna nyingine." Mtoto hajisumbui hata kuinua macho, maana wote wameshasikia. Vijana wa siku hizi huwacheka, wanasema nyumba ile wamemgeuza mtoto simu. Wacheke tu. Heshima si utumwa, na mimi sijaona nyumba yenye mapenzi kuishinda ile.

Mwezi wa tano mzee alikwenda kuvizia sili, wanyama wa baharini, kwenye ukingo wa barafu, peke yake, kama alivyozoea. Upepo ukageuka, ukavuma kutoka bara, na pande la barafu alilokalia likakatika na kuanza kuelea kwenda baharini, yeye na pikipiki yake ya theluji juu yake. Halafu ukungu ukashuka. Helikopta ilikuwepo mji wa mbali, lakini hakuna rubani ambaye angeruka katika ukungu ule. Joanasie na wenzake wakaburuta boti hadi ukingoni, wakaingia majini kutafuta kwa kukisia.

Redio ya mkononi ya mzee ilikuwa dhaifu. Kila nyumba pale mjini huwa na redio ya mawasiliano jikoni, lakini siku hiyo ni ya Leetia peke yake iliyomnasa, kwa kuwa nyumba yake iko juu kilimani na mlingoti wake wa antena ni mrefu. Wakamwambia asibanduke pale, na kila atakachosikia awape wao. Tagalik walikuwa wamempeleka kwa shangazi yake, asije akasikia yasiyofaa kusikiwa na mtoto.

"Tagalik," redio ikakwaruza. "Tagalik, mwambie mama yako barafu imepasuka tena. Pikipiki imekwenda na kipande kingine."

Leetia akatazama kiti kitupu cha mtoto.

"Tagalik, mwambie babu tumesikia. Muulize anaona nini."

"Mwambie naona ukungu. Nimezeeka ila sijapofuka, hakuna kingine cha kuona." Akakohoa. "Ngoja. Mwambie kuna mwamba mweusi, kushoto kwangu. Haya, umeshafichwa."

Leetia akampa mumewe habari ile upesi upesi.

"Mwamba upi?" Joanasie akafoka kutoka kwenye boti. "Miamba iko miwili, mke wangu! Nikikosea hapa namwendea mbali zaidi!"

"Sijui!"

"Muulize! Na achana na mambo ya Tagalik, betri yake inakwisha. Sema naye mwenyewe!"

Mji mzima ulisikia maneno hayo. Leetia akabonyeza redio, akafungua mdomo, na ulimi ukagoma. Alijua kila neno la kuzunguka linakula betri, na betri ile ndiyo uhai wa mzee. Alijilaani. Lakini kumwambia mzee yule "wewe" kulimshinda, na kilichotoka kilikuwa kile kile: "Tagalik, muulize babu, mwamba wa kaskazini au wa kusini?"

Kimya kikawa kirefu mno. Akadhani amemuua.

"Mwambie wa kaskazini," sauti ikaja, nyembamba.

Boti ikageuza. Leetia akalia kwa matumaini, akabandika hata maji ya chai, kama kwamba mtu angeingia sasa hivi akiitaka. Maji hayajachemka, redio ikakwaruza tena.

"Leetia."

Hakuwahi kusikia jina lake katika kinywa kile.

"Usiniite mimi!" akapiga kelele. "Sema na Tagalik, baba! Tagalik yupo hapa!"

"Hayupo, Leetia. Najua tangu mwanzo, angekuwepo ningesikia fujo zake. Maji yamefika magotini. Nimekula kwa mkono wako miaka yote hii sijakushukuru hata siku moja. Asante, mwanangu."

Leetia alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili, kwa aibu na kwa hofu. Alipoikamata redio, upande wa pili hapakuwa na kitu.

Joanasie alirudi mbio kuchukua petroli, barafu imemganda kwenye nyusi.

"Mwamba tumeuona! Yuko karibu na pale, nahitaji petroli tu. Baba anasemaje?"

"Amesema na mimi."

"Na wewe vipi?"

"Na mimi mwenyewe. Kwa jina langu."

Joanasie akaweka dumu chini. Kisha akakaa sakafuni na viatu vyake vyenye maji. Alilelewa na mzee yule, hakuhitaji kufafanuliwa kwamba mzee ameaga.

Leetia akamvaa kwa hasira, akamvuta kola. "Inuka! Inuka, Joanasie! Kanishukuru, akanyamaza, na mimi sijamjibu! Nenda ukamtafute nimjibu!"

Akaenda. Hawakumpata, si siku ile wala baadaye. Lakini wote waliokuwa na redio jikoni walimsikia Leetia akimwita baba mkwe wake kwa jina, Amarualik, Amarualik, akimwambia wewe, wewe, nisikie, mpaka sauti ikamkauka, na hakuna hata mmoja aliyebonyeza redio yake kumkatiza.