Nilimtajia Bei ya Kumfukuza, Akakubali

Leo ni Jumapili, mwezi wa kumi unaisha, na nimetimiza miezi kumi na mmoja tangu nitoke nyumbani Bungoma. Admin, naomba ufiche jina langu, maana wateja wangu wengine wako kwa ukurasa huu. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minane, nina mke na watoto watatu huko nyumbani, na hapa Nairobi nimepanga chumba Majengo. Shule niliachia darasa la saba. Kazi yangu ni kuweka vigae vya bafu na jikoni. Wiki hii situlii. Nikiketi nasimama, nikisimama natoka nje, na nikishatoka sijui naenda wapi.

Wacha niwaambie kitu ambacho mafundi hatuambii wateja. Sisi huketi nje ya duka la vifaa vya ujenzi, na mwenye duka ndiye hututuma kwa wateja. Kazi yake huwezi kukataa. Ukikataa mara mbili hakuiti tena. Kwa hivyo tukisikia mteja ni msumbufu, hatusemi hapana, tunamtajia bei ya kumfukuza. Unaongeza juu ya bei ya kawaida mpaka mwenyewe aseme ataenda kufikiria. Harudi, na kila mtu anabaki na heshima yake.

Mwezi wa nane nilitumwa Buruburu kwa mama mmoja aliyestaafu kazi ya ofisi. Nitamwita Mama Njeri. Rafiki yangu Wekesa, fundi mwenzangu tunayetoka naye upande mmoja, alicheka akashika tumbo. Akasema mama huyo amefukuza mafundi watatu kwa bafu moja. "Huyo mathe atakufuata na kikombe cha maji. Anamwaga chini, anaangalia yanaenda wapi. Mtajie bei ya shamba, urudi tunywe chai."

Nikaenda. Mama alinionyesha bafu, na sikuuliza wale watatu waliharibu nini. Nilisimama mlangoni nikataja bei karibu mara mbili ya kawaida. Aliangalia ile sakafu, akasema, "Sawa, fundi. Anza Jumatatu." Nilishtuka. Na kusema ukweli, pesa hiyo niliitamani.

Kazi ilinitesa vile Wekesa alisema. Mara ya kwanza Mama alimwaga maji, yakaja mlangoni badala ya kwenda kwa tundu la kutolea maji. Nikamwambia yatakauka. Akasema nitoe. Nikang'oa vigae nikinung'unika. Mara ya pili maji yakasimama katikati. Siku hiyo ndipo nilimwona mume wake, mzee mpole ambaye mwili wake upande wa kulia hauna nguvu. Alikuja ameshika ukuta, akanisalimia, akanitania kwamba hiyo sakafu imemwangusha mara mbili na wala hakuwa amelewa. Sikucheka.

Nilichukua pimamaji nikapima kila pembe. Nikaona nimekuwa nikifuata sakafu ya zamani iliyopotoka, na bila shaka wale watatu walifanya hivyo hivyo. Kosa lilikuwa letu mafundi. Ile pesa niliyoongeza kwa sababu ya usumbufu wa Mama ndiyo iliyonilisha nikirekebisha makosa yangu mwenyewe. Mara ya tatu nilivunja mpaka chini, nikainua upande wa mlango. Maji yakaenda. Vigae vilipokauka, mzee alioga bila kushikwa, tukamsikia akiimba wimbo wa kanisa. Mama alitoka akasimama uani peke yake.

Siku hizo zote nilikula meza moja nao. Tena Mama akanisifu kwa jirani yake, na jirani akaniita. Nyumba zile zimejengwa sawa, bafu ni lile lile. Jirani nilimtajia bei ya kawaida. Hapo ndipo nilijichoma. Wanawake wawili wa chama kimoja cha akiba, mlango kwa mlango, nilidhani hawataongea?

Jumatano Mama aliniita sebuleni. Hakupandisha sauti.

"Fundi, nilikukosea nini kabla hujanijua?"

Nilitaka kusema vigae vilipanda bei. Nikasema sijui.

"Unajua. Niandikie kwa karatasi, hiyo nyongeza ilikuwa ya nini. Usiniletee pesa, niletee karatasi."

Mzee alikuwa hapo kitini. Hakunitazama tena.

Wekesa anasema niandike usafiri, simenti na dawa ya kuzuia maji, eti watu wa ofisi wanapenda orodha. Lakini mama huyu alikuwa anasimama juu yangu kila siku, anajua mfuko wa simenti ulifunguliwa lini. Nikiandika ukweli, naandika kwamba nilimhukumu kabla sijaona uso wake. Na karatasi hiyo itasomwa kwa chama, Buruburu yote ijue bei ya kufukuza ni nini, halafu mwenye duka atufukuze sisi. Wekesa ana watoto wanne, naye anakula hapo hapo. Mke wangu nilimweleza kwa simu. Akasema, "Baba Brian, kama huwezi kuandika ulichofanya, usiendelee kukifanya." Akakata akaenda kukamua ng'ombe.

Nimenunua karatasi. Nimeandika jina la Mama na tarehe, basi. Tangu Jumatano kalamu iko mfukoni, natembea nayo.

Ndugu zangu, mlio wateja na mlio mafundi, niambieni niandike nini. Kama ni kunitukana, nitukaneni, lakini mnijibu. Jumamosi narudi kwa Mama kuziba nafasi za vigae zilizobaki ukutani, na mikono mitupu siwezi kuingia pale. Mkiniambia niandike ukweli na nipoteze kazi ya dukani, basi mke wangu ataniona wiki ijayo. Mkiniambia vingine, nitafika nyumbani wiki ya pili ya Desemba, shule zikiwa zimefungwa.