Salamu za Mla Ukoko

Kipindi changu nilikirekodi chumbani kwangu Ngokolo, mjini Shinyanga, kati ya kabati la nguo na godoro nililolisimamisha ukutani ili sauti isirudi. Mbuzi wa jirani walisikika humo kuliko nilivyopenda. Nilikuwa nasoma salamu. Watu wa Tinde, kijijini kwetu, na vijiji vya jirani walinitumia salamu za ndugu zao walioko machimboni Geita, nami nilizisoma taratibu huku nikichomekea habari za nyumbani: mvua imenyesha wapi, pamba imeotaje, nani kaoa. Kisha nilikipandisha kipindi kwenye programu moja ya simu ya kusikilizia, ambayo wakati huo ilikuwa bure kwa kila mtu.

Wenzangu walidhani natafuta umaarufu. Nilikuwa namtafuta mdogo wangu. Aliuza ng'ombe wa baba akaingiza fedha kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, huko upande wa Katoro, na duara likatoa maji na mawe. Baba alifariki bila kumwambia neno baya, na nadhani hilo lilimuuma kuliko kama angetukanwa. Alikuja kuzika, akaondoka kabla matanga hayajaisha, akabadili namba ya simu. Tangu hapo tukawa tunasikia tu kwamba kuna mtu kamuona mahali.

Kwetu Usukumani salamu si kitu cha kurusha ukipita. Unasalimu, unangoja uitikiwe, unaulizwa wewe ni wa nani, unajibu, unaulizwa habari za nyumbani na za mifugo, unajibu tena. Ukimsalimu mtu usimpe nafasi ya kuitikia, ni kama umemtukana. Kwa hiyo kipindini nilikuwa nikisalimu nanyamaza, kiasi cha mtu kuitikia huko aliko. Salamu yangu mwenyewe niliiweka mwishoni. Sikumtaja jina, maana mtu aliyejificha ukimwita hadharani anazidi kujificha. Nilisema tu, "Na wewe mla ukoko, mwadila," kama tunavyosalimiana kwa Kisukuma. Utotoni hakutoka jikoni bila kukwangua sufuria ya ugali, na tulimtania kwamba atamwoa sufuria. Nikishasema hivyo nilinyamaza kuliko nilivyonyamaza kwa wengine wote.

Wengine walinijibu. Walinitumia sauti zao, wakicheka, wakiniambia mama zao wamefurahi. Yeye hakujibu. Ila nilijua kipindi kinafika, maana huko mashimoni mtandao ni wa kubahatisha, na vijana wa vibanda vya simu sokoni Katoro walikuwa wanapakua vipindi na kuviingiza kwenye memori kadi za wachimbaji. Mama mmoja muuza dagaa aliniambia amenisikia kwenye makarasha, pale mitambo inaposaga mawe, sauti yangu ikishindana na mashine. Furaha ile nilikaa nayo wiki nzima. Nilijiambia, kama sauti imefika huko, masikio yake nayo yako huko huko.

Kisha wakaja mastaa. Programu ilianza kulipiwa kwa mwezi, na ili watu walipe wakaletwa wenye majina: mwimbaji, mchekeshaji, na mwigizaji mmoja wa filamu mwenye sauti ya asali, aliyepewa kipindi cha simulizi za maisha. Kila ukifungua unakutana na sura zao zikicheka. Sisi wengine, yaani mimi, mzee mmoja aliyekuwa akifundisha kilimo cha dengu, na dada aliyesimulia watoto hadithi, tulisukumwa chini mpaka kidole kichoke kututafuta. Yule mwigizaji simchukii. Haya, namchukia kidogo. Tatizo ni kwamba anajua kazi yake.

Dada mmoja wa ofisi ya programu, Dar es Salaam, alinipigia simu. Alikuwa mpole sana.

"Dada yangu, kimya chako kinatuumiza. Watu wakisikia kimya wanadhani mtandao umekata, wanahamia kwa mwingine."

Nikamweleza kwamba ile ni nafasi ya kuitikia salamu.

"Wanamwitikia nani sasa?" aliuliza, na hakuwa ananidhihaki. Alitaka kujua kweli. Nikamsimulia habari za mdogo wangu.

Zile sauti za kunijibu zikapungua, halafu zikaisha. Nikaenda Katoro mwenyewe. Sokoni vumbi, bodaboda, spika za maduka zikipigana, na ndani ya makelele hayo yote namsikia mwigizaji kutoka vibanda vitatu kwa pamoja. Nikamsogelea kijana mmoja wa memori kadi, nikamuuliza kama ana kipindi cha salamu, kile cha dada wa Shinyanga.

"Yule wa mbuzi?" akacheka. "Mama, yule siku hizi simuwekei mtu. Hawamuulizii. Kwanza sijui hata kama bado yupo."

"Yupo," nilimwambia.

"Basi asalimiwe," akasema, akamgeukia mteja mwingine.

Niliumia, sitaficha. Sikuumia kwa ajili ya jina, maana jina lenyewe sikuwa nalo. Niliumia kwa sababu ile kadi ndiyo ilikuwa njia yangu pekee ya kumfikia mtu mmoja, na njia hiyo sasa ilikuwa inapitisha mtu mwingine. Nilirudi Shinyanga nikiwaza mdogo wangu amekaa juu ya kiroba cha mawe, anafungua simu, na anayemsalimia ni mtu asiyemjua.

Dada wa ofisini alipopiga tena alikuja na wazo. Mwigizaji anataka kusoma salamu moja kutoka kanda yetu mwishoni mwa simulizi yake, na yeye amenipendekeza mimi. "Andika ya huyo mdogo wako. Nchi nzima inamsikiliza huyu, dada. Atapatikana." Akaniomba niweke jina kamili, la baba, la babu na la kijiji, ili asichanganywe na mtu mwingine. Niliandika. Mwishoni nikaweka na mla ukoko.

Kipindi kilipotoka nilikuwa Tinde kwa mama. Tulisikiliza pamoja, simu imeegemezwa kwenye beseni. Kinanda kilianza taratibu, cha huzuni, kisha sauti ile nzuri ikasema, "Salamu hizi zimfikie," ikataja jina la mdogo wangu na ukoo wake wote hadi kijiji, "popote alipo huko machimboni. Nyumbani wanamsubiri." Ukoko walikuwa wameuondoa. Nafasi ya kuitikia haikuwapo, matangazo yaliingia pale pale.

Mama alizima simu, kazi ambayo kwa kawaida ananiachia mimi.

Majibu yalikuja kwa wingi. Nchi nzima ilijaa wadogo zangu. Mmoja alisema ni yeye, ila ametumwa Mtwara kikazi. Mwingine alitaka kwanza aunganishwe na mwigizaji ndipo aseme alipo. Nilisikiliza kila sauti mpaka mwisho, hata zile nilizojua toka neno la kwanza kwamba si zenyewe. Mtu akitamani kitu anakuwa hivyo.

Siku chache baadaye bado nilikuwa Tinde. Ilikuwa mchana, nimeingia jikoni kuchukua ungo wa michembe, vipande vya viazi vitamu, niianike juani. Nikasikia kilio nje. Kilikuwa kile kilio ambacho mtu anaanza nacho mbali, kabla hajafika nyumba yenye msiba. Nikajua kuna jirani amefiwa. Kisha kilio kikaingia uani kwetu, nikasikia sauti ya kiume inamuuliza mama, "Mmeshamzika dada?"

Nilitoka na ungo mkononi. Alikuwa amesimama katikati ya ua, mikono kichwani, amekonda, ndevu zimeingia mvi. Aliniona. Akakaa chini kwenye vumbi. Michembe ilimwagika yote na hakuna aliyeiokota.

Alipoinuka alikuwa na hasira. Nani anayesoma salamu za mtu namna ile? Jina la mtu, la baba yake, la babu yake, kijiji chake, popote alipo, nyumbani wanamsubiri. Sisi tuliokulia na redio tunajua ni habari gani inayosomwa hivyo: ya msiba. Kwanza nilikuwa nimepotea kwenye kadi, akasema, yule kijana wa kibandani akawa anamwambia huyo hayupo tena. Halafu anatokea mtu baki kumsalimia badala yangu, hata ukoko hakuutaja. Angefikiri nini kingine?

"Kumbe ulikuwa unanisikiliza," nilisema.

"Kila kipindi. Tangu cha kwanza."

"Na hukunijibu!"

"Nilikuwa najibu," alisema. "Si ulikuwa unaniachia nafasi? Nilikuwa naitikia pale pale shimoni. Wenzangu walinicheka, wakaniita mume wa simu."

Nililia hapo, na yeye akacheka, halafu akalia yeye na mimi nikacheka. Mama alikuwa ameshaingia jikoni kusonga ugali. Alimletea sufuria yenyewe, na ukoko wake. Mdogo wangu alikwangua hadi tukamwambia basi.

Alikaa siku chache. Aliziba paa la zizi tupu, akaenda kwenye kaburi la baba peke yake. Nilitamani nimfungie mlango asiondoke. Aliporudi machimboni nilimsindikiza hadi barabarani, na kabla hajapanda aliniambia nisiache kipindi, hata kama hakuna anayekitaka. Yule kijana wa Katoro atamlazimisha akiweke. "Nikikusikia wewe," alisema, "naona kama niko nyumbani, sina shida tena."

Nilirudi uani nikiwa na furaha, nikamweleza mama alichosema, nikamwambia nakwenda Ngokolo kurekodi leo leo. Nilikuwa hata nimeshapata maneno ya kuanzia.

Mama alinisikiliza hadi mwisho.

"Ng'wana wane, mwanangu, naomba unyamaze," alisema. "Akikusikia anashiba huko huko."

Simu ninayo mkononi. Sijarekodi.