Wifi Aliyeitikia Asichokijua

Wifi yangu, mke wa kaka, anauza sufuria meza ya pili kutoka kwangu ninapouzia vitambaa. Kwa bei humpati. Anagonga sufuria kwa kidole, anasikiliza, kisha anamwambia mwenye bohari usoni kuwa hii nyepesi, itaunguza. Sokoni kwetu anayeuliza "hii ni nini" hupandishiwa bei papo hapo, kwa hiyo yeye huitikia kila kitu kwa uso mkavu, hata asichokijua. Tabia hiyo imemlisha. Mara moja nusura imponze.

Asubuhi hiyo alikuja kuniuzia meza yake, sufuria na wateja juu, kwa bei ya kutupa. Mimi napenda rahisi, ila rahisi mno hunitia shaka.

"Ina kasoro gani?"

"Meza haina kasoro. Mwenye kasoro ni mimi." Akagusa shingo. "Daktari jana kaniambia nina nodyuli ya thairoidi, benaini."

"Ndiyo nini?"

"Sijui. Ila jina refu hivyo haliwezi kuwa la mafua."

"Hukumuuliza?"

"Nimuulize ajue kwamba sijui?"

Mimi sinunui mali kwa kuambiwa. Nikafunika vitambaa, nikamrudisha kliniki. Njia nzima akawa ananiusia namna ya kuwabana wenye bohari, kama mtu anayefunga virago.

Daktari, binti mdogo mwenye kalamu sikioni, alitupa viti. Wifi akaanza kuitikia kwa kichwa kabla hajaambiwa neno.

"Daktari," nikasema, "huyu jana aliitikia, hakuelewa. Mweleze kama mtu anayenunua sufuria."

Wifi akanikata jicho. Daktari akacheka, akachora shingo, na ndani yake kitu kama kipepeo.

"Hii ni tezi, ndiyo thairoidi. Nodyuli ni kivimbe ndani yake. Tulichukua chembe kwa sindano, tukapima. Benaini maana yake si saratani."

Kichwa cha wifi kikasimama. "Rudia hapo mwisho."

"Si saratani, mama."

"Mtanikata?"

"Hapana. Urudi baada ya miezi sita tuone kama kimekua. Ukipata shida ya kumeza kabla ya hapo, usingoje, njoo."

Wifi akasogeza kiti mezani. "Sasa nirudie mimi, unisahihishe." Akarudia yote. Kisha akauliza kuhusu kubeba mizigo, na kama ataruhusiwa kuita wateja kwa sauti. Foleni nje ikaanza kukohoa kwa makusudi.

Tulipotoka akasema, "Kumbe humo anayeuliza hapandishiwi bei."

"Na ile meza?" nikajaribu, maana bei ilikuwa tamu.

"Meza gani, wifi? Rudi kwenye vitambaa vyako. Na nauli lipa wewe, uliyetaka kunirithi ningali hai."

Nikalipa. Sokoni tulimkuta mwenye bohari akimsubiri na sufuria za aina mpya, anazisifu kwa majina ya ajabu. Wifi akaitikia kila jina, uso mkavu, kidole tayari kugonga.