Siku Niliyomshika Mama Mkwe Kichwa

Kazi yangu hospitalini Nakuru ilikuwa kushika vichwa. Wanaocheka wacheke tu, haikuwa kazi ya kila mtu. Miaka ya sitini, mtu akikwamwa na mfupa kooni, daktari alimtumbukizia bomba la chuma lililonyooka kama fimbo ya mchungaji, na bomba la chuma halijui kona. Aliyetakiwa kujua kona ni mimi. Nilikaa kwenye stuli, kichwa cha mgonjwa kikining'inia nje ya meza mikononi mwangu, nikikiinua na kukishusha kidogo kidogo mpaka mdomo na koo vikawa njia moja. Ukikosea unamtoboa mtu. Mimi sikuwahi kukosea, na sioni haya kujisifu.

Katikati ya miaka ya sabini akaanza kutujia daktari mmoja kutoka Nairobi, Singasinga mpole aliyezaliwa papa hapa Nakuru. Alikuja mara moja kwa mwezi na sanduku ambalo ungedhani ni la mpiga gitaa. Ndani mlikuwa na mpira mweusi mrefu, laini, unaopinda unavyotaka. Alisema umejaa nyuzi za kioo, maelfu, nyembamba kuliko unywele, nyingine zikipeleka mwanga na nyingine zikirudisha picha. Nikamwambia kioo hakipindi. Akaniambia niweke jicho. Nikaona tumbo la mtu aliye hai, jekundu, linang'aa, linacheza, na nukta nyeusi chache pale ambapo nyuzi zilikuwa zimekatika. Siku hiyo nilisahau chakula cha mchana kwa furaha.

Mpira ule ulikuwa na jicho la pili, la kuchomeka pembeni, ili msaidizi aone anachokiona daktari. Jicho hilo likawa langu. Mzee mmoja wa Bondeni alinivuta koti kabla ya kulala mezani akaniuliza, "Boss, hiyo kitu inaonyesha mpaka ya jana?" Nikamwambia inaonyesha mpaka ya juzi. Nasikia alikaa wiki nzima bila kugusa pombe. Lakini niliyoyaona matumboni mwa watu sikuyapeleka sokoni. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na aliye hai naye ana haki hiyo hiyo.

Ndipo mama mkwe wangu wa Elburgon akaanza kukonda.

Lazima nieleze kwamba kwetu mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukwepana. Miaka tisa ya ndoa, sikuwa nimemwona akila wala yeye kuniona mimi. Akiwa na neno la kuniambia, nami nimeketi hatua mbili kutoka kwake, alimwambia mke wangu, na mke wangu akanirudishia lile lile kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba mimi ni kiziwi. Na nilimpenda sana mama yule. Ndugu zake walipokataa binti yao aolewe na mshika wagonjwa, yeye ndiye aliyewaambia kwamba mtu asiyechoka na wagonjwa hatachoka na mke.

Alikuwa na maumivu ya tumbo mwaka mzima. Dada yake aliumwa hivyo hivyo, akaambiwa ni vidonda tu, akapewa dawa nyeupe ya chupa. Mahindi hayajavunwa tukamzika. Ilikuwa saratani. Kwa hiyo mama mkwe alipoanza kufunga mkanda wa sweta mara mbili, mke wangu alikuwa analia jikoni akidhani simsikii.

"Apimwe na mpira," nikasema.

"Na kichwa atashika nani?"

Sista pekee aliyejua kazi ile alikuwa amehamia Gilgil. Alibaki mkwe.

Mashauriano yalichukua wiki mbili, mke wangu akipanda na kushuka Elburgon kama mjumbe wa mahari. Mwishowe akaleta jibu. Mama amekubali. Nitamshika nikiwa nyuma yake, yeye atafumba macho. Lakini lile jicho la pili nisiliguse. "Amesema kichwa ushike, tumbo lake usiingie," mke wangu akasema. Nikaapa, na niliapa kwa moyo safi.

Alikuja na lori la mbao, amekaa mbele na dereva, hajala wala kunywa. Daktari akampulizia dawa ya ganzi kooni, akamchoma sindano ya usingizi mwepesi, akamlaza ubavu wa kushoto. Nikamshika. Kichwa chake kilikuwa chepesi mno. Mpira ukapita vizuri, naye hakupigana nao hata kidogo. Mimi nilitazama ukuta. Niliujua ukuta ule siku hiyo kuliko nyumba yangu.

Kisha daktari akasema, "Mmm."

Akauzungusha mpira, akarudi pale pale. "Mmm," akasema tena. Nilikuwa nimefanya kazi na mtu huyu vya kutosha kujua ana mmm za aina mbili, na sikuweza kujua hii ni ipi. Macho hayana pazia, wanasema, na yangu siku hiyo hayakuwa hata na mlango. Nikainama nikatazama.

Baada ya saa moja na nusu, ganzi ilipoisha, daktari alimweleza mwenyewe kwa Kiswahili chake cha dukani. "Mama, hii si saratani. Kidonda tu. Kunywa dawa, wacha pilipili, utapona." Mama mkwe akashukuru kwa adabu. Daktari alipotoka, mama akamwambia mke wangu ni ng'ombe yupi apewe nani, na shamba la chini ligawanywe vipi.

"Mama, si umesikia ni kidonda?"

"Hata dadangu aliambiwa ni kidonda." Chupa ya dawa ilikuwa mezani, hakuitazama.

Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alinigeukia mimi. "Mkwe wangu," akasema, "wewe uliona?"

Mke wangu aliinamisha kichwa, akingoja niseme sikuona. Nami nilitaka kusema hivyo. Niliogopa kuliko siku ya kwanza ya bomba la chuma.

"Niliona, mama," nikasema. "Nilikuwa nimeapa, na nikatazama. Ni kidonda kama ukucha wa kidole kidogo, cheupe katikati, chekundu pembeni. Hakiko tumboni penyewe, kiko pale chakula kinapotoka tumboni kuingia utumboni. Pale daktari anasema saratani haikai. Mimi nimeona vya saratani, na hiki sicho."

Mama mkwe aliitazama ile chupa ya dawa.

"Daktari anaweza kunidanganya kwa huruma," akasema. "Lakini mtu hawezi kujivika aibu kama hii mbele ya mke wake kwa ajili ya uongo."

Kisha akamgeukia binti yake, akamwambia ampe ile dawa, na amwambie mumewe atoke nje kwanza.