Kofia Yenye Akili na Kichwa cha Agar

Wanawake wa kambi ya jeshi ya Base wana adabu ya ajabu. Vichwa vyao wanampa Agar Likoke avisuke, avipapase saa nne nzima, lakini maji yake hawanywi. Agar ana kifafa, na wao wameshakata kauli kwamba kifafa kinapita kwenye mate. Akianguka, wanatimka na misuko nusu kichwani, mikono mdomoni. Akiamka, wanarudi wamaliziwe. Kumbe woga nao una ratiba.

Hodari wao alikuwa Francine, mama yake Sylvie, mke wa sajini. Miaka minne mfululizo alikuja kusukwa na kigoda chake, kitana chake na chupa yake ya maji. "Haiko mubaya, Mama Agar," alisema. "Muntu anajichunga tu." Agar alimsuka vizuri kuliko wote, kwa dharau.

Agar alikuwa mjane, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu toka kiwiko hadi kiganja, tangu siku alipoangukia mbabula, jiko la makaa, akipika. Mwezi ule alikuwa ameanguka mara tano. Kufa hakukumsumbua sana. Aliogopea vidole, maana msusi bila vidole atakula nini?

Basi mradi wa kupima kifafa ulipokuja kambini na kofia yake, Agar alikuwa wa kwanza mlangoni. Fundi wao, Jérémy, bwana wa shati la pasi, alieleza kifua mbele: kofia ina vifungo vinavyosikiliza umeme wa ubongo, na akili bandia iliyomo kwenye kompyuta inausoma kuliko munganga yeyote. Ikisema una kifafa, unapata dawa bure mwaka mzima. Ikisema huna, nenda zako.

Siku ile kichwa cha Agar kilijaa meshi, zile nywele za kununua, nene, zimeshuka hadi mgongoni. Ndicho kilichokuwa kibao chake cha biashara. Jérémy akaibandika kofia juu ya meshi, kama mtu anayepima homa juu ya koti. Kwenye kompyuta vikawaka vitone vyekundu, vingi tu. Agar akauliza ni vya nini. "Hiyo iko kintu kidogo, mama," akajibiwa, na bwana akabonyeza kuendelea. Karatasi ikatoka: hakuna kifafa.

"Minyi naanguka mara tano mu mwezi," Agar akasema.

"Mama, hii mashini imesoma bichwa ya bantu elfu na elfu."

"Ya bantu ba kipara?"

Watu wakacheka. Jérémy akamwambia huenda ni mawazo tu, akapumzike.

Agar alirudi nyumbani na hasira hadi meno yakamuuma. Wasomi wazima, wamesafirisha kompyuta zao kwa ndege mpaka kwenye nchi ya misuko, na hakuna hata mmoja aliyewaza nywele! Lakini hasira haitibu. Vile vitone vyekundu alikuwa ameviangalia vizuri, kila kimoja ni kifungo kisichogusa ngozi, na mahali pa kila kifungo alipajua. Kazi yake ni vichwa.

Kinyozi hajinyoi, wanasema. Agar alifumua meshi zote, akaketi kati ya vioo viwili, akajisuka mistari myembamba iliyolala, akiacha njia za ngozi wazi kila mahali kifungo kitakapokaa. Ilimchukua siku nzima. Kichwa kikawa matuta ya mihogo, kibao kibaya kabisa cha biashara. Akakifunga kitambaa.

Kesho yake alikaa tena mbele ya Jérémy. "Weka kofia polepole," akamwambia. "Na kama kuko nyekundu, usibonyeze kintu."

Vitone vyote vikawa kijani. Karatasi ikatoka: kifafa. Jérémy akatabasamu, akawatangazia waliokuwapo kwamba akili bandia sasa imejifunza. Agar akapokea dawa zake, akamtazama bwana huyo toka viatu hadi kola.

"Njo vile," akasema. "Imejifunza."

Tangu siku ile Jérémy akawa anawaelekeza wanawake waanzie kwa Agar, wasukwe mistari ya kofia. Na siku moja mchana, jua likiwa limewafungia watu ndani, akaingia Francine. Hakuja na kigoda. Amemshika mkono Sylvie, na mtoto kichwa kimefungwa kitambaa, shavuni ana kovu la kuungua.

"Mama Agar. Ile mistari."

"Amekamatwa na kifafa tangu lini?"

"Miaka ine," Francine akasema chini chini.

Miaka minne. Miaka yote ile ya chupa. Agar alitamani kumfukuza, na angemfukuza, lakini kovu la mtoto alilijua. Akachota maji ndooni, akanywa nusu kikombe, akamnyooshea Francine kilichobaki.

"Kunywa. Halafu namusuka mutoto."

Francine akakiangalia kikombe, akamwangalia mtoto, akanywa hadi chini.

Sylvie alikuwa anawatazama. "Mama, na minyi naweza kunywa mu hii kikombe yenu?" akauliza. Nyumbani alikuwa na chake, kinakaa peke yake dirishani.

Francine akainamisha kichwa. Agar akachota tena, akampa mtoto.