Kiingereza cha Pumu

Shuleni kwa binti yangu, pale Nyakato ya Musoma, kulikuwa na kipande cha ubao kilichofungwa kamba. Ukikamatwa unaongea Kiswahili unavishwa shingoni, na unabaki nacho mpaka umsikie mwenzako anateleza ulimi, umvishe yeye. Atakayekutwa nacho jioni anachapwa. Walimu walikiita diski. Watoto walikiita ndama, kwa sababu ukikabidhiwa lazima ukichunge. Mwalimu mkuu alitueleza utaratibu huo kwenye kikao cha wazazi, tukapiga makofi. Nani asiyetaka mwanawe ajue Kiingereza? Hakuna aliyeuliza ni sheria gani inaruhusu mtoto kuvishwa ubao. Sisi wazazi tukiwa mbele ya mwalimu tunanywea kama tulioitwa polisi.

Binti yangu alikuwa darasa la tatu, na ana pumu. Dawa yake ya kuvuta ilikaa ofisini kwa matroni, nami nikaona hiyo inatosha.

Siku hiyo nilikuwa Bunda, nimefuata vitenge vya duka langu, simu ikaita. Alikuwa mwalimu wake wa darasa. "Mama, njoo hospitali. Mtoto amebanwa kifua, lakini usiogope." Mtu akikwambia usiogope, ujue kuna la kuogopa. Nikauacha mzigo kwa muuzaji, nikadandia basi la kwanza la Musoma.

Basi likasimama Kiabakari kutafuta abiria. Nikampigia kelele kondakta mpaka sauti ikakauka. "Tulia, mama, hapa tunajazaga siku zote," akanijibu huku anacheka. Ningekuwa na nguvu ningemzaba kibao. Nikapiga simu ya mwalimu, haikupokelewa. Nikapiga tena. Kichwani nilikuwa tayari naona turubai limefungwa uani kwangu, watu wamekaa, na mama yangu anapelekewa habari kule Butiama. Niliogopa hata nikashindwa kuomba. Nilikuwa nalitaja jina la mwanangu tu.

Nilimkuta hai. Alikuwa amelazwa, barakoa ya oksijeni usoni, kifua kinapanda na kushuka kwa shida. Mwalimu wake, kijana mdogo tu, alikuwa amesimama ukutani, jasho linamtoka.

"Ilikuwaje?" nikamuuliza.

"Alikuja mbele, mama, akanionyesha kifua. Akaanza kusema kwa Kiswahili, nikamwambia aseme kwa Kiingereza. Akarudi kukaa. Anakuwaga mpole tu, nikajua hana shida."

"Akakaa mpaka lini?"

"Mpaka alipoanguka."

Nilitaka kumkaba. Pumu kwa Kiingereza hata mimi hunipiga chenga, na sidhani kama alikuwa amemfundisha. Mtoto wa miaka minane amekosa pumzi, akapima kati ya ndama na kunyamaza, akanyamaza. Nikamwambia mwalimu nitakwenda kwa afisa elimu, na huko ataeleza ni sheria ipi inayomkataza mtoto kusema anaumwa. "Sawa, mama," akaitikia. Naye alikuwa anaogopa, na niliona kwamba anamwogopa mkuu wake kuliko mimi.

Daktari akaingia, akaisogeza barakoa kidogo, akamwinamia. "Haya, binti, bado kunabana? Niambie wapi."

Hakumtazama daktari, wala mimi. Alimtazama mwalimu.

"Sema tu, mwanangu," nikamwambia. "Mimi mama yako nipo hapa, sema."

Macho yake hayakubanduka kule ukutani. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, kisha akamwambia, kwa Kiingereza, kwamba ameruhusiwa kusema. Binti yangu akafumba macho, midomo ikaanza kuchezacheza, anayatafuta maneno.